Mgonjwa wa Mazoezi

Mimi kazi yangu ni kupanga viti, siyo kuvikalia. Nina toyo, pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, nina maturubai, nina viti vya plastiki vya bluu vilivyoandikwa mgongoni kwa rangi nyeupe MAIGE DUTWA, na popote Bariadi penye msiba, harusi au semina, nafika kabla ya wenyewe. Nikishapanga nasimama pembeni. Tangu Monika wangu, mama wa binti yetu Klementina, afariki sijui kukaa. Nikikaa mahali miguu inaanza kutafuta njia.

Asubuhi ile ya siku ya mwisho ya mafunzo nilikuwa nimeshapanga viti, nimevipangua, nimevipanga tena, na jua halijafika hata kwenye mabati ya ukumbi. Ikupa alikuwa anafanyiwa mtihani. Akifaulu, anapewa chumba kipya pale hospitali cha kuhudumia watu walioshikwa na kamari, anabaki Bariadi. Akishindwa, anarudi kwao Tukuyu, na uhamisho ulikuwa umeshakubaliwa, unasubiri tu neno la wakubwa. Na mtihani wenyewe ulikuwa mimi.

Ngoja nieleze, maana ukiikuta katikati utadhani mimi ndiye niliyekuwa mraibu.

Mafunzo yaliletwa na watu wa huko juu. Manesi, maafisa ustawi, wahudumu wa afya wa vijijini, wote wakakusanywa wafundishwe namna ya kumkinga mtu na kamari, na namna ya kumtibu aliyekwisha kunasa. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu juu ya toyo. Dubwi, ile mashine ya kumeza sarafu, nani aliitolea kibali ikafungwa nje ya mashine ya kusaga pale kwetu Dutwa, mahali ambapo kila mwanamke lazima apite na debe la mahindi? Haohao. Anayefungua bomba na anayekuja kudeki maji wanapokea mshahara dirisha moja. Lakini viti ni viti. Nikapeleka.

Sasa mkufunzi wao, Constantine, mtu mpole wa kaunda suti aliyetoka Dodoma, alihitaji mtu wa kuigiza mgonjwa ili washiriki wajifunze kuhoji. Akawauliza wapishi, akamuuliza mlinzi, akawauliza madereva. Wote wakakataa. Yeye akadhani wanataka posho nzuri zaidi. Hakujua amefika wapi. Kwetu Usukumani mtu mzima hakai mbele za watu akasema naumwa wakati haumwi. Ugonjwa unasikia. Ukiuita unakuja, na ukija hauulizi kama ulikuwa unatania. Mama mmoja wa jikoni alimwambia kama ni kuigiza, afadhali aigize maiti, maana maiti imeshamaliza shughuli. Constantine akabaki amesimama na karatasi zake kama mtu aliyeachwa na basi.

Nikamwambia nitakaa mimi. Ugonjwa ukitaka kuja, uje, utanikuta nyumbani. Mtu aliyekwisha kuzika mke anatishwa na nini tena?

Wakanipangia Ikupa.

Alikuwa nesi wa wodi ya wagonjwa wa akili, Mnyakyusa, mrefu, mwenye mwanya na shingo ya kujivunia ambayo mwenyewe haijui. Siku ya kwanza alitaka kunifurahisha kwa Kisukuma, akaniambia, "Mwangaluka, mayu," yaani akaniita mama, ukumbi mzima ukacheka na yeye akacheka zaidi ya wote. Halafu akakaa mbele yangu, akaweka mikono mapajani, akauliza, "Ilianzaje?" Akanyamaza.

Kunyamaza kwake ndiko kulikonimaliza. Watu wakikuuliza kitu wanakuwa wameshaanza kujibu wenyewe. Wakubwa ndio usiseme, swali linakuja na jibu limefungwa pamoja. Yeye alisubiri. Macho yake yalitua juu yangu yakakaa, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni na hana haraka ya kuubeba tena. Sikuwa nimeandaa hadithi yoyote. Mdomo ukafunguka wenyewe.

Nikasema nilianza kwa kusimama kuangalia wenzangu wakicheza huku debe langu liko kwenye foleni. Nikasema kuhusu zile sarafu zinavyoporomoka mara ya kwanza, na kelele yake unavyorudi nayo nyumbani ikakufuata mpaka kwenye sufuria ya ugali. Nikasema safari za kusaga zilivyozidi na unga ulivyopungua. Nikasema nilivyokuwa nafunga sarafu kwenye pindo la khanga zisilie njiani.

"Ulikuwa unafunga sarafu kwenye pindo la khanga," Ikupa akarudia, maana walifundishwa hivyo, urudie alichosema mgonjwa, usimshauri haraka.

"Ndiyo, sista."

Kalamu yake ikasimama. Akaniangalia. Halafu akaendelea na swali lingine.

Basi tukaenda hivyo wiki nzima. Kila siku ananihoji, kila siku nazidi kusema. Mchana nilimletea karanga na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kutoka Dutwa, hakuwahi kula, akatafuna ya kwanza kwa wasiwasi, ya pili kwa heshima, ya tatu akaniomba nisimpe Georgina. Georgina ni nesi mwenzake, mnene, mcheshi, hakosi la kusema. Wapishi wakaanza kunitania kwamba Maige siku hizi toyo linanuka mafuta ila dereva ananuka sabuni. Nikawatazama vibaya. Lakini kweli nilikuwa nanunua sabuni ya kunukia, na kweli nikitoka ukumbini nilikuwa nazunguka mtaa wote wa Somanda bila shughuli, narudi kupita mbele ya geti, naondoka, narudi. Usingizi ulinikataa. Nilikuwa kama ng'ombe aliyesikia harufu ya mvua na zizi limefungwa.

Katikati ya wiki Constantine aliwafundisha jambo moja nililolisikia nikiwa dirishani, nahesabiwa kuwa ni mtu wa viti tu. Alisema kuna sababu mbili tu zinazomlazimu mhudumu kusimama na kumkabidhi mgonjwa wake kwa mwenzake. Ya kwanza, ukiona unamchukia. Ya pili, ukiona unampenda. Ukijikuta kwenye mojawapo hujadiliani na moyo wako, unakabidhi siku hiyohiyo.

"Na ukimpenda kidogo tu, mwalimu?" Georgina akauliza.

"Kidogo ndiyo mbaya zaidi," akajibu, wakacheka.

Ikupa hakucheka. Alikuwa anasugua kifuniko cha kalamu kwa kidole gumba. Nikaondoka dirishani.

Jana yake, siku moja kabla ya mtihani, watu walipotawanyika saa kumi, alibaki akinisaidia kubeba viti. Nilimkataza, hakusikia. Tukawa tunapandisha kimoja juu ya kingine kimyakimya. Kwenye miiba ya ua wa ukumbi kulikuwa kumenasa pamba nyeupe zilizopeperushwa na malori ya msimu, na yeye akazichomoa chache akawa anazisokota.

"Baba Klementina," akasema, "wanaume wa Dutwa wanavaa khanga?"

Nikaendelea kupanga viti.

"Siku ya kwanza ulifunga sarafu kwenye pindo la khanga. Siku ya pili mtoto alikuwa mgongoni anakuvuta nywele wakati unacheza. Jana ukasema ukirudi nyumbani mwenzio anaonja unga anasema leo mashine imesaga vibaya. Nimekaa na wagonjwa miaka mingi. Hiyo si hadithi yako."

"Mlitaka mgonjwa. Mmepata mgonjwa."

"Mimi nilitaka kujua naongea na nani."

"Unaongea na mpanga viti, sista. Na wewe unakula mshahara wa haohao waliotuwekea ile mashine. Kesho mtapiga picha, mtagawana vyeti, na dubwi litakuwa palepale linawaka taa."

Nilisema kwa sauti mbaya. Nilitaka akasirike, aondoke, nipate kupumua. Hakuondoka. Lakini uso wake ulibadilika, na nikaona nimempiga mahali.

"Mshahara wa haohao," akasema polepole, "ndio unaonirudisha Tukuyu nikishindwa kesho. Mama yangu ameshanitandikia kitanda. Anasema nirudi niolewe kabla sijakaushwa na jua la Wasukuma. Sasa niambie. Ni nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia Monika mke wangu, mama wa Klementina, jinsi alivyokwisha mbele ya macho yangu mimi nikidhani ni malaria ya kujificha. Jinsi alivyokwenda kwao Lingeka kumwomba kaka yake Masele mtamba mmoja wa ng'ombe, akasema ni kwa ajili ya ada ya mtoto, na Masele akamwambia asubiri. Jinsi mvua ilivyonyesha na akakataa kulala, maana alikuwa hawezi tena kutulia mahali, akaingia kwenye korongo limejaa, mahali ambapo daraja limeahidiwa tangu mimi sijaota ndevu. Maji yakamchukua. Nikawataja wote: aliyesaini kibali, mwenye mashine ya kusaga aliyekubali, wa daraja, wa zahanati aliyempa panadoli. Nilikuwa nimeshika kiti.

Ikupa akasikiliza mpaka mwisho.

"Wote hao wana makosa yao, sikatai," akasema. "Lakini umewataja wote, na yeye hujamtaja. Monika alikuwa anapenda nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Msibani waliniuliza alikuwa na umri gani. Ofisini waliniuliza jina la baba yake. Nikatafuta, nikalikuta liko karibu sana. Nikamwambia alikuwa anapenda kula karanga mbichi shambani, tunapalilia yeye anatafuna, mavuno nusu yanaishia tumboni. Na akisimulia kichekesho anaanza kucheka kabla hajafika, kwa hiyo sijawahi kusikia mwisho wa kichekesho chake hata kimoja. Nikacheka. Halafu macho yakaniwasha, nikageukia ukuta.

Hakunigusa. Aliweka mkono wake kwenye kiti nilichoshika, upande wa pili, tukakishika wawili muda mrefu kuliko kiti kinavyohitaji. Vidole vyake vilikuwa na nyuzi za pamba.

"Kesho kuna watu wakubwa watakaa kutazama," akasema. "Ukitaka tutumie hadithi nyingine, sema sasa."

"Hapana. Kesho nawaeleza mpaka pale korongoni. Wakuone unavyofanya kazi. Ubaki."

"Nibaki kwa ajili ya wagonjwa?"

"Hata wao," nikasema.

Akainamisha uso, lakini niliuona ule mwanya.

Ndiyo maana asubuhi ile nilikuwa napanga na kupangua. Na wakati nafuta vumbi kiti cha mhojiwa, basi la kutoka upande wa Lamadi likasimama barabarani, akateremka Philomena.

Philomena ni mdogo wake Monika, anayemfuata ziwa moja. Ameolewa palepale Dutwa, anauza dagaa wa kukaanga. Kila nikimwona nashtuka, maana Mungu aliwapa sura moja akawagawia. Alikuja moja kwa moja bila salamu, na kwetu mtu akija bila salamu ujue amebeba kitu kizito.

"Shemeji, nimesikia unamwanika dada yangu mbele za watu."

"Sijamtaja jina."

"Dutwa nzima inajua nani alikuwa anakwenda kusaga kila siku. Wapishi wanasimulia. Mama yuko Lingeka anaamini mwanae alikuja kumsalimia, maji yakamkuta. Kaka Masele anaamini mtamba ulikuwa wa ada. Wewe ukisema leo, siku ya mnada ujao habari imeshafika Mwandoya, na kaka atajua alimnyima mtu aliyekuwa anazama. Unataka aishi nayo hiyo?"

Nilitaka kumwambia kuna watu walitakiwa kuishi nayo zaidi ya Masele. Hakunipa nafasi.

"Na nimesikia ni kwa ajili ya nani. Nesi wa kutoka huko kwenye ndizi. Ukitaka kuoa, oa, shemeji, hakuna aliyekufunga kamba. Lakini usimtoe dada yetu mahari."

Yeye akaenda zake nyuma ya ukumbi, akachukua kiti changu kimoja, akakiweka karibu na mlango, akakaa, akajifunga khanga vizuri na kuishikilia pindo. Alikuwa amekuja kusubiri neno langu la kwanza.

Wakubwa wakafika na gari lenye vioo vyeusi. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa miwani, mwenye saa ndogo ya dhahabu aliyoitazama kila baada ya pumzi. Wakakaa mstari wa mbele. Washiriki wakakaa nyuma yao. Wapishi wakajaza madirisha. Katikati viti viwili, changu na cha Ikupa, vimeangaliana.

Ikupa alikuja na sare nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata. Akakaa. Akaweka mikono mapajani. Akaniangalia, na nikaona usiku wake haukuwa tofauti na wangu.

"Jana tuliishia kwenye safari ya Lingeka," akasema. "Ungependa kuendelea?"

Nikafungua mdomo, macho yakaenda mlangoni. Uso wa Monika ulikuwa pale kwenye mabega ya Philomena, unaniangalia. Nikafunga mdomo.

Nikisema, namwuza mmoja. Nikinyamaza, naye huyu mwingine anapanda basi kwenda Tukuyu. Mguu wangu wa kulia ukaanza kupiga sakafu. Mama wa miwani akatazama saa, akaandika kitu. Mtu akakohoa. Ikupa alisubiri, kama kawaida yake, lakini safari hii niliona anafuata macho yangu mpaka mlangoni, anamwona yule mwanamke mwenye pindo la khanga mkononi, na anarudi kwangu. Alielewa. Sijui kwa njia gani, ila niliona linaingia.

Nikaamua. Nilisema, "Siku ile mvua ilikuwa..."

"Ngoja, Baba Klementina." Aliinua mkono. Halafu akasimama na kuwageukia wakubwa. "Naomba kumkabidhi mgonjwa huyu kwa mhudumu mwingine."

Nikahisi maji ya korongo yamenifika kifuani. Ananikataa. Mbele ya watu wote hawa, mbele ya Philomena, amenichoka. Nilimpigia kelele jana, nilimwambia anakula mshahara wa wauaji, sasa nimelipwa. Nikashika kingo za kiti nisimame nitoke.

Mama wa miwani alimwuliza kama anajua mtihani umeanza. Akasema anajua. Akamwuliza kama anajua asipomaliza jina lake haliandikwi. Akasema anajua hilo pia.

"Kwa sababu gani?" mama akauliza.

Ikupa akamgeukia mkufunzi wake. Constantine alikuwa amesimama kando ya ubao, na yeye ndiye aliyeuliza, kwa upole, kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi.

"Ni sababu ya kwanza, sista, au ya pili?"

"Ya pili, mwalimu."

Georgina aliziba mdomo kwa faili. Dirishani mpishi mmoja alimwuliza mwenzake ya pili ni ipi, akakanyagwa mguu. Mimi nilikuwa bado nimeshika kingo za kiti, nusu nimesimama, nikihesabu taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza: kwanza, ukimchukia. Pili. Nikarudi chini kitini. Ikupa alikuwa ananitazama, na mashavu yake yalikuwa yanawaka, na hakukwepa.

Mama wa miwani aligeuka kumwuliza Constantine sababu ya pili ni nini. Constantine akaanza kutafuta kwenye karatasi zake jambo analolijua kwa moyo.

"Basi alete mgonjwa mwingine," mama akasema baada ya kunong'onezwa. Alikuwa amekasirika, lakini niliona anauma mdomo usicheke. "Bila mgonjwa hakuna mtihani, na bila mtihani mimi siandiki jina la mtu."

Constantine akatazama madirishani. Vichwa vya wapishi vikazama vyote kwa pamoja. Akatazama madereva, wakakumbuka gari. Nani akae? Nimeshawaeleza kuhusu sisi.

Ikupa alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na sare yake nyeupe, hana mgonjwa. Hapo nikasikia kiti kinasukumwa nyuma. Philomena alikuja akiburuza kandambili, polepole, akafika kwangu, akanitazama mpaka nikampisha. Akakaa kwenye kiti changu.

"Mniandike mimi," akasema.

Constantine akainama kumweleza kwa adabu kwamba hii ni ya kuigiza tu, atapewa maelekezo ya kusema.

"Mimi siigizi."

Akafungua pindo la khanga. Sarafu zikaanguka mapajani mwake, akazikusanya kwa viganja viwili, akazimwaga juu ya meza ya wakubwa, na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Akasema hizo alikuwa apite nazo kwenye dubwi la Somanda akitoka hapa. Akasema alijiapiza msibani kwa dada yake, na bado.

Ndipo nikakumbuka kitu nilichokiona kila siku nisikione. Walikuwa wanakwenda kusaga wawili.

Ikupa akakaa mbele yake. Akaweka mikono mapajani.

"Karibu, dada. Utasema unachotaka, utaacha unachotaka. Na hawa watu ukitaka watoke, watatoka."

Philomena akawageukia wale wa mstari wa mbele, mmoja mmoja, miwani, saa, tai.

"Watoke," akasema.

Na wakatoka. Nakwambia, wakubwa wale walitoka wote wakasimama uani kwenye jua la Bariadi, wameshika makabrasha juu ya vichwa, na mlango ukafungwa. Nilikuwa na viti vya akiba kwenye toyo. Sikuviteremsha.

Nilizunguka ule ukumbi kama mtu aliyepoteza ufunguo. Sikusikia kitu. Nikakagua matairi ya toyo, nikakagua tena. Mama wa miwani alimwuliza Constantine atatoaje maksi kwa kitu asichokiona, na Constantine akamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe, mama, haionekani. Mama akaja akasimama kwenye kivuli cha toyo langu, karibu nami, akaniuliza viti hivi ni vya nani. Nikamwambia. Akaniuliza mke wangu alifariki lini. Nikamwambia na hilo. Nilikuwa na maneno mengi niliyomwandalia mtu kama yeye kwa muda mrefu sana, nikashangaa siyaoni. Nikamwambia moja tu, kwamba lile dubwi la pale kwenye mashine ya kusaga lihamishwe, hata kama ni hatua chache, mwanamke asilazimike kulipita na debe kichwani. Hakuniahidi. Nilishukuru hakuniahidi, ahadi zao nazifahamu. Lakini aliliandika.

Mlango ulipofunguliwa Philomena alitoka uso umeoshwa kwa machozi na kukauka. Alimfuata mama wa miwani bila hofu yoyote.

"Jumatatu nitakuja kwa huyu nesi. Mkimhamisha, mimi siji kwa mwingine. Na nyuma yangu Dutwa kuna wenzangu, nikisema twende watakuja."

Mama akamtazama, akavua miwani, akaifuta, akaandika jina. Niliona mkono unavyokwenda: herufi tano, fupi, na mstari chini yake.

Philomena akanipita. Halafu akarudi hatua.

"Mama wa Lingeka nitamwambia mimi. Na kaka pia. Siyo wewe." Akavuta khanga begani. "Yule nesi wako aliniuliza dada alikuwa anapenda nini."

"Ukamwambia nini?"

"Karanga mbichi," akasema, akaenda zake barabarani kusubiri basi, mikono mitupu.

Jua liliposhuka kidogo magari yakaondoka, vyeti vikaondoka, wapishi wakaosha masufuria. Mimi nikapanga viti vyangu kwenye toyo mpaka ikabaki safu moja karibu na ukuta, na kiti kimoja kilikuwa na mtu.

"Sista, naomba kiti."

"Mimi si sista yako tena," Ikupa akasema. "Nimekukabidhi."

"Kwa nani?"

"Nilimpa Georgina. Amekukataa, anasema unaongea sana na utamaliza michembe yake."

"Basi nimebaki bila mhudumu."

"Na bila ugonjwa." Akavuta kiti kutoka kwenye safu, hakukiweka mbele yake kama vile vya mtihani. Alikiweka kando, ubavu kwa ubavu, vyote vimeelekea mlangoni ambako vumbi la barabara lilikuwa linawaka rangi ya dhahabu. "Mwadila, baba," akasema, salamu yetu ya jioni, na safari hii hakukosea.

"Mwadila, mayu."

"Kaa, Maige."

Nilimwambia mimi sikai, nina viti vya kupeleka, kesho kuna harusi, tairi la nyuma halina upepo. Alisubiri. Mikono mapajani, kama anavyofanya.

Nikakaa. Miguu ikatafuta njia kidogo, kisha ikaacha.